Maboksi Tumboni mwa Kochi

Mafundi wengine hufungua kochi ili walitengeneze. Shazia alikuwa akilifungua ili aone lina nini, halafu, kwa kuwa limeshafunguka, akalitengeneza. Jina hilo la sindano kubwa ya kushonea magunia na magodoro alipewa na mjomba wake siku za mwanzo za kujifunza kazi, kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na akitia neno mahali lazima lichomoze upande wa pili. Likamganda. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo, naye akaitikia bila kinyongo, maana katika karakana ya makochi shazia ni chombo cha heshima.

Karakana ilikuwa ya mjomba: chumba kirefu chenye mlango mpana wa mabati, meza ya kukatia vitambaa, kompresa iliyokohoa kila ilipowashwa, na harufu ya gundi isiyotoka hata kwenye nguo zilizofuliwa. Makochi ya watu yalilala humo chali, miguu juu, kama mende waliopuliziwa dawa. Na ndani yake mlikuwa na maisha. Ukichana kitambaa cha chini hudondoka vitana, vifungo, jino la mtoto, rimoti iliyotafutwa mpaka ndugu wakanuniana. Mafundi wengine hufagia. Shazia akiona kijiko alitaka kujua ni nani katika nyumba ile aliyekuwa akila kochini kwa siri.

Mshangao huo ndio alioanza kuurusha mtandaoni. Alikuwa akiiegemeza simu kwenye kopo la gundi, anachana, anasema chochote kinachomjia. Ukurasa akauita Tumboni mwa Kochi. Watu wakaupenda, wakaanza kubashiri kitakachotoka, wengine wakisimulia ya makochi yao. Mjomba hakuupinga wala hakuutazama. Alisema tu kwamba zamani mtu akitaka kusengenya ilibidi atembee mpaka kwa jirani, na njiani hasira zikapata nafasi ya kupoa; siku hizi umbea umefungwa magurudumu. Shazia akamjibu kwamba ukweli nao umefungwa magurudumu yaleyale. Mjomba akasema haya, tutaona ni upi unaojua breki.

Ndipo likaja kochi la Mama Nesi.

Mama Nesi alikuwa muuguzi mstaafu wa mtaa wa nyuma. Alikuwa amewadunga sindano nusu ya watu wa pale utotoni mwao, na mpaka leo walikuwa wakimsalimia huku wamekaza misuli. Kochi lake la watu watatu lilikuwa limebonyea katikati. Aliomba lijazwe upya, akaondoka. Baadaye Shazia akampigia simu kumuuliza anataka kitambaa cha rangi gani, akajibiwa kijani kisichochafuka upesi. Akakata simu, akaiegemeza kwenye kopo, akachana.

Yakatoka maboksi. Vipande vya maboksi vilivyokunjwa na kubanwa, magunia yaliyokatwakatwa, matambara ya kila rangi. Sponji ilikuwa tabaka jembamba la juu tu, kama siagi iliyopakwa na mchoyo. Na pembeni, safi kabisa, lebo ya kiwanda kikubwa cha samani kilichokuwa ng'ambo ya barabara kuu.

Kiwanda hicho kilikuwa mwiba wa siku nyingi. Makochi yake yalipangwa nyuma ya vioo, na mpita njia akayapunguzia mwendo kama anapita mbele ya wakwe. Kila mteja mwenye kisirani aliyewahi kuingia karakanani alimaliza maneno yake kwa sentensi ileile: nyie mafundi wa mabati mnajitahidi, lakini cha kiwandani ni cha kiwandani. Shazia alikuwa ameimeza sentensi hiyo mpaka imemtengenezea kidonda cha tumbo. Sasa akaishika lebo, akaisogeza karibu na kamera.

"Ndugu zangu," alisema, "cha kiwandani ni cha kiwandani. Hebu tazameni mnachokalia. Mmeuziwa maboksi, mkabandikiwa na lebo."

Kwa nukta moja lilimpitia kichwani, kama nzi, wazo kwamba wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa mshonaji katika kiwanda hichohicho. Akalifukuza. Wifi anashona vitambaa, hajazi makochi. Akairusha video kabla gundi haijamkauka mikononi.

Kesho yake simu haikushikika. Video ilikuwa imetembea kuliko yeye alivyowahi kutembea maishani, imefika kwa watu wasiojua hata karakana iko wapi. Wapo waliocheka, wapo waliomwita shujaa, wapo walioitukana sura yake bila kugusa habari ya kochi. Mmoja aliandika kwamba sasa ameelewa kwa nini mama mkwe wake hakai muda mrefu. Lakini kilichomfanya Shazia asahau hata kunywa chai kilikuwa kingine. Watu walikuwa wanafungua makochi yao. Wanachukua visu vya jikoni, wanachana, wanapiga picha. Huyu kakuta mifuko ya plastiki. Yule kakuta sponji nzuri tupu, akakasirika kwamba ameharibu kochi bure. Muuza mikate wa barabara ya chini akaonyesha mifuko ya vumbi la mbao, akaandika kwamba kochi lilipoanza tu kubonyea alikwenda kulalamika kiwandani, akaambiwa amelikalia vibaya.

Shazia alisoma yote. Alijihisi kama aliyegonga mlango mmoja, ikafunguka mitaa. Watu hawa walikuwa na maneno yao siku zote. Walikosa tu mahali pa kuyatua.

Wifi alikuja asubuhi moja wakati kompresa ndiyo kwanza inakohoa. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, kwa kuwa alifika mpaka getini ndipo akageuzwa.

"Hongera, wifi," alisema. "Umesema mpaka vyerehani vimenyamaza."

Shazia akamvutia kiti. Wifi akakitazama kwanza, akauliza kama hicho nacho kina maboksi. Hakuwa anacheka. Akaeleza kwamba watu wamerudisha makochi, wengine wamefuta oda, na washonaji wote wametakiwa wakae nyumbani mpaka kelele ziishe. Na meneja, ambaye alishapata habari kwamba msemaji wa mtandaoni ni ndugu wa Wifi, amempa ujumbe. Shazia aifute video, aseme hadharani kwamba yote ni uongo, yake na ya wote waliomfuata, na siku hiyohiyo washonaji watarudi. Asipofanya hivyo, hawarudi, na wamshukuru yeye.

Shazia akapandwa na mori. Akasema kwamba meneja anataka kumziba mdomo. Kwamba bila ile video muuza mikate angekufa akiamini hajui kukaa. Kwamba mtu akikatazwa kusema, mwizi ndiye anayelala usingizi. Wifi alimwacha amalize. Kisha akasema yote hayo ni kweli, na kusema ni haki yake, hamnyang'anyi. Ila wao washonaji ndio wa kwanza kulipia haki hiyo, na hakuna aliyewauliza kitu.

"Nionyeshe hilo kochi," alisema.

Fremu ilikuwa bado ukutani, lebo imening'inia pembeni. Wifi akachuchumaa, akaigeuza lebo kwa ukucha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Alikaa hivyo kitambo mpaka Shazia naye akachuchumaa, kwa kuwa hakuna kilichomshinda kama kuona mtu anaangalia kitu yeye hakioni.

Lebo za kiwandani, Wifi alieleza, hushonwa kwa cherehani, mistari miwili iliyokaribiana, na yeye mwenyewe amezishona mpaka anaziota. Hii ilikuwa na mstari mmoja. Uzi mnene, uliopakwa nta, hatua ndefu, tundu kubwa.

"Hii haikushonwa kwetu, wifi. Hii kaishona mtu mwenye shazia."

Basi pale Shazia akakaa chini kabisa. Kwani katika karakana ile palikuwa na desturi ambayo mjomba aliwafundisha wanafunzi wake kabla ya kuwafundisha kushika nyundo. Kochi likivuliwa nguo, lebo yake haitupwi. Inakwenda mfuko wa kifuani wa aproni, na kazi ikiisha inarudishwa palepale ilipokuwa, kwa mkono, hata kama fundi amebadilisha kila kitu kuanzia misumari mpaka kitambaa. Kochi lina ukoo wake, mjomba alisema, na fundi hamfutii mtu ukoo. Shazia alikuwa amezirudisha lebo zisizo na idadi. Makochi mangapi mjini yalikuwa yamevaa jina la kiwanda kile huku tumboni yana kazi ya mikono yake? Mtu yeyote mwingine angeweza kudanganywa na lebo. Yeye ndiye hakuwa na udhuru, na yeye ndiye aliyeishika mbele ya kamera kama shahidi wa kiapo.

Wakamwita mjomba. Alikuja akipangusa vumbi la mbao, akaokota boksi moja, akaligeuza, akatazama lilivyokunjwa, na uso ukamlegea kama mtu aliyekutana na mwenzake wa shule. Ah, alisema, hii ni kazi yangu. Akakumbusha mwaka ule sponji ilipoadimika, maduka yote yakabaki na rafu tupu, na watu wakawa wanajaza makochi kwa chochote kinachokubali kubanwa. Mama Nesi alijua vizuri. Maboksi yenyewe aliyaleta yeye kutoka zahanati. Kweli, ndani ya mikunjo mlikuwa bado na maandishi yaliyofifia ya chupa za dawa ya kikohozi, na Shazia hakuyaona, maana hakuwa akitazama, alikuwa akihutubia.

Akamuuliza mjomba mbona siku zote hizi hakusema. Mjomba akashangaa. Aseme nini, na yeye video hazitazami? Aliwasikia watu wakizungumzia maboksi, akadhani ni watu wanahama.

Ikabidi Shazia na Wifi waende kwa Mama Nesi. Walimkuta barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki kwa kuwa kochi halijarudi, na kabla hawajamaliza salamu akawaeleza habari zake. Majirani walilitambua kochi lake kwenye video, na mtaani sasa anaitwa Mama Maboksi. Watoto aliowatoa matumboni mwa mama zao wanamwita Mama Maboksi. Shazia akamwomba radhi kwa goti. Mama Nesi akamtazama kwa jicho lile la kutafuta mshipa.

"Ulinipigia simu ukaniuliza rangi ya kitambaa," alisema. "Na hilo jingine ulishindwa nini kuniuliza?"

Hakuna tusi la mtandaoni lililomwingia Shazia kama swali hilo. Alilibeba njia nzima. Kuuliza si ujinga, ndivyo wanavyosema watu. Yeye aliyejiona bingwa wa kuuliza alikuwa ameuliza vijiko vyote vya mjini, akaruka swali moja lililokuwa na jibu.

Waliporudi karakanani akaitoa simu, akaifungua video, akaweka kidole kwenye alama ya kufuta. Wifi alisimama nyuma yake akishusha pumzi. Lakini kidole hakikushuka. Chini ya video yalikuwa yamejipanga maneno ya watu wengine, na macho ya Shazia yakaenda kwa muuza mikate na vumbi lake la mbao. Akajiuliza kwa sauti: huyu naye lebo yake imeshonwa mistari mingapi?

Wifi akamwambia aache. Amekosea, ameona, afute, watu warudi kazini. Shazia akasema atafuta, ila akifuta atatakiwa kusema kwamba na huyu ni mwongo, na hilo halijui. Ameshasema jambo moja bila kujua. Anataka asilifanye la pili. Wifi akafunga vifungo vya koti. Akasema watakwenda wote, ili amwonyeshe kwamba hata kochi hilo limeshapita kwa fundi fulani wa mabati.

Muuza mikate aliwapokea kwa heshima kubwa, akidhani wamekuja kumrekodi. Kochi lake lilikuwa sebuleni, limegeuzwa chali. Alilinunua jipya, alisema, ili mama mkwe wake akija apate mahali pa kukaa, na karatasi ya nailoni ya dukani bado ilikuwa imebaki kwenye miguu. Safari hii Shazia aliuliza. Nani amewahi kulifungua? Hakuna, ila yeye, juzi, kwa kisu cha mikate. Lilipelekwa kwa fundi yeyote? Halijapelekwa. Wifi akainama kwenye lebo. Mistari miwili. Akatazama pini za stepla: za kiwandani, hazijaguswa isipokuwa pale kisu kilipopita. Akapitisha kidole kwenye kona ya kifuniko, akarudia, akaacha kidole hapo.

"Mshono huu ni wangu," alisema polepole. "Kona naifunga hivi mimi peke yangu."

Chini ya kona yake, chini ya sponji ya vidole viwili, vililala vijifuko vya vumbi la mbao vimepangwa kama vichanga wodini.

Njiani Wifi ndiye aliyesema zaidi. Chumba cha kujazia, alieleza, kiko nyuma ya chumba chao, na mlango wake hufungwa. Washonaji hupitisha vifuniko kwenye kidirisha, mikono ya upande wa pili hupokea, basi. Alikuwa akiamini kwamba mlango unafungwa kwa sababu ya vumbi. Sasa alikuwa anajua ni vumbi gani. Akacheka, kisha akaacha, akasema akisema hilo hana kazi. Na Shazia akifuta, kazi anayo. Shazia akamwambia mambo yalivyo: hawezi kusema yote ni uongo, na hawezi kuiacha ile video isimame, maana nayo ni uongo. Atakalosema litakuwa katikati, na meneja hatalipenda. Kwa hiyo anamwuliza yeye kwanza. Akimwambia anyamaze kabisa, atanyamaza.

Wifi aliongeza mwendo mpaka wakafika kwenye mlango wa mabati. Kazi ile ilikuwa imewasomesha watoto na kulipia paa walilolala chini yake, na kaka wa Shazia alikuwa na vibarua vya leo upo kesho haupo. Hatimaye alisema: "Wewe sema lako la lebo. Langu nitalisema mwenyewe. Nimechoka kusemewa."

Shazia akaiegemeza simu. Safari hii hakuchana kitu. Alionyesha lebo ya Mama Nesi, akaeleza desturi ya karakana, akamwita mjomba aje aonyeshe mikunjo yake, na mjomba akajitokeza akiitazama kamera kama mtu anayepimwa macho. Akasema: nilikosea kuhusu kochi hili, sikumuuliza mwenyewe. Video ya kwanza siifuti, nimeibandikia maelezo juu, ili aliyeiona aone na kosa. Kisha akaonyesha la muuza mikate, lebo, pini, vijifuko, akasema nimeuliza, nimejibiwa hivi, na kiwanda nacho nakiuliza, nangoja kijibu hapahapa.

Video ile ilitambaa. Ya kwanza ilikimbia kama moto wa nyasi. Hii ilikwenda kama bibi kizee anayepanda ngazi. Waliotazama, nusu walimtukana. Kiwanda kimekununua, waliandika. Wengine hawakutaka kabisa kusikia habari ya lebo. Walikuwa wameshapata kicheko chao. Shazia alisoma akijifunza jambo ambalo lilimshangaza kuliko jino la mtoto: watu walewale waliompigia makofi kwa uongo wake walikuwa wanamzomea kwa ukweli wake, kwa sauti ileile, na huenda kwa moyo uleule mweupe.

Wifi alikuwa kaketi kwenye jora la kitambaa cha kijani, simu yake mkononi. Aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe maneno yake yakatokea chini ya video, kwa jina lake na picha yake ya harusi: Mimi nashona pale. Lebo ya kochi la kwanza si ushonaji wetu, na waliotukana washonaji kwa hilo wametuonea. Kochi la pili ni letu, kona nimeifunga mimi. Ndani sikuweka mimi, na chumba hicho hatuingii. Nami naomba kifunguliwe.

 Halafu mshonaji mwenzake akaandika: nami nashona pale, asemayo ni kweli. Akafuata mwingine, wa meza ya mito. Akafuata mzee wa kukata vitambaa, ambaye hakuna aliyejua kwamba anaweza kutuma hata salamu.

Kiwanda hakikujibu pale kilipoulizwa. Kilichotokea ni kwamba waliorudisha makochi wakaanza kubadilishiwa kimyakimya, muuza mikate akiwa wa mwanzo, na washonaji wakapigiwa simu warudi. Wifi alimuuliza meneja kama na yeye yumo. Meneja akajibu kwa uchungu kwamba naye yumo, maana nani atathubutu kumwacha nje na watu wote hawa wanamtazama.

Asubuhi ya kurudi kazini Shazia alimsindikiza mpaka getini, kwa kisingizio cha kwenda kununua uzi. Walisimama pembeni wakiwapisha wenzake waingie. Mtandaoni watu walikuwa wameshahamia kwenye ugomvi mwingine, wa bwana harusi mmoja na mpiga picha wake. Wifi alikuwa ameliona hilo. Akasema kwamba macho ya watu ndiyo yaliyomrudisha kazini, na macho ya watu hayajui kukaa. Wakishageukia kwingine, itakuwaje?

Kwa mara ya kwanza Shazia hakutengeneza jibu la haraka. Akasema kwamba hajui, ila yeye bado atakuwa anaangalia.

"Wewe," Wifi alisema, akijifunga koti, "ndiye ninayekuogopa." Akampiga kofi la begani, akaingia.